Pazia la Wodi ya Njiti

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepunguza maneno. Simu huisikii, na haya si mambo ya kupigiana kelele, ndiyo maana naandika.

Mkweo amejifungua wiki iliyopita, miezi miwili kabla ya siku zake. Presha ilimpanda, wakampasua. Ni pacha: wa kiume kilo moja na nusu, wa kike kilo na robo. Mwenyewe figo zimemgomea, yuko ghorofa ya pili, hata kukaa hawezi. Watoto wako chini, wodi ya njiti, ndivyo wanavyowaita watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Wamelazwa kwenye kisanduku kimoja cha joto, miguu kwa miguu, kwa kuwa visanduku viwili vingine ni vibovu.

Jana daktari alisema wanapumua wenyewe. Sasa dawa yao ni kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, saa nyingi kila siku. Nikaanza kufungua vifungo vya shati palepale. Muuguzi mmoja mrefu akanishika mkono.

"Baba, wanaume hawaingii. Kina mama humu wako vifua wazi."

Nikamwambia mama yao yuko juu, hajiwezi.

"Najua," akasema. "Lakini ndiyo sheria."

Basi nawatazama dirishani, robo saa asubuhi, robo saa jioni. Tuombee.

Mwanao


7 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti liache, lina umri wake. Mkwe wangu mpe hongera na pole kwa mkono mmoja.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara hasira imepanda ngazi moja. Nimedeki wodi za hospitali miaka ishirini na miwili, na wewe umesomeshwa na dekio lile, kwa hiyo nisikilize. Nusu ya zile wanazoziita sheria ni upungufu uliozoeleka. Kina mama wako wazi kwa sababu hakuna pazia. Pazia likiwepo, hiyo sheria inabaki na nini? Nawe ni fundi wa kuchomelea. Unawachomelea watu mageti ya kulinda magari yao, utashindwa na mabomba manne na kitambaa kwa ajili ya damu yako?

Usigombane na mlinzi, hana anachoamua. Muulize huyo mrefu mbele ya daktari: nikileta pazia, nitaingia? Halafu funga mdomo mpaka ujibiwe.

Mama yako


13 Machi

Mama,

Shikamoo. Mkweo ameanza kunywa supu. Jana aliuliza kama watoto wana nywele. Nikamwambia wanazo, tena za kugombania kitana.

Barua yako ilifika tarehe nane. Nikauliza kama ulivyonifundisha, na daktari akajibu mbele ya wote: pazia likiwepo, ingia. Kesho yake karakanani nikachomelea fremu mbili za magurudumu, nikazipiga rangi nyeupe. Fundi cherehani jirani akashona pazia la kijani. Tarehe kumi, saa mbili asubuhi, nilikuwa nazo mlangoni.

Bwana stoo akatoka, akazizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. "Kifaa hakiingii hapa bila namba." Namba inatoka ofisi ya vifaa. Ofisi ya vifaa inataka barua ya katibu wa hospitali. Katibu yuko kwenye semina. Nikauliza semina ya nini. Karani akasema, ya kuboresha huduma. Sikucheka, Mama, na wala yeye hakucheka.

Leo ni siku ya nne fremu zimesimama koridoni. Wahudumu wanatundika makoti yao juu yake. Na binti uzito umeanza kushuka.

Mwanao


16 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Leo sina salamu ndefu.

Subira yako inanikera. Nilikulea uwe mpole, na naona nilizidisha kipimo. Mtu anakuwa mpole kwa watu, hawi mpole kwa makaratasi. Siku nne? Namba ya mtaa mzima haiandikwi siku nne. Nenda ukasimame mlangoni kwa katibu, na kama hayupo, kwa anayekaimu, maana hakuna kiti cha mkubwa kinachobaki bila wa kukikalia. Kama goti lingekubali ngazi za basi, hizi barua zisingehitajika, ningekuwa nimefika na hao watu wangenitambua.

Mama yako


20 Machi

Mama,

Shikamoo. Binti amefariki jana, saa nne asubuhi. Tumemzika jioni.

Daktari anasema ni maambukizi kwenye damu, na ninamwamini. Sisemi kifua changu kingemponya, sina elimu hiyo. Ninachosema ni kwamba aliishi siku ishirini na tatu na hakuna mtu wake aliyemshika mpaka alipokwisha kupoa. Hapo ndipo waliponiita ndani nimchukue. Kwa kumtoa, mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyetaja vifua vya kina mama.

Leo asubuhi yule muuguzi mrefu alitoka koridoni, akayang'oa makoti kwenye fremu, akayaangusha sakafuni, akazisukuma ndani mwenyewe. Namba hakuna, barua hakuna. Akaniambia, "Baba, vua shati." Nikamuuliza kwa nini hakufanya hivyo juzi.

"Niliogopa kufukuzwa kazi," akasema.

Nilimshukuru na kumchukia kwa pumzi moja.

Mwandiko huu usikushangaze, naandika kwa mkono mmoja. Kijana yuko kifuani, amelala, ana joto kama mkate. Mkweo bado sijamwambia.

Mwanao


24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Pole, baba yangu. Pole sana.

Huyo muuguzi usimchukie peke yake. Mimi nimepita na dekio langu miaka yote ile, nikiwaona kina baba wamesimama madirishani, nikawaambia wasogee nipige maji. Sikuwahi kuuliza pazia liko wapi. Hasira nimeipata shida ilipofika kwenye damu yangu. Hilo nalimeza mwenyewe.

Mkweo mwambie leo hiihii, kwa maneno machache, usoni. Asije akalisikia kwa wagawa chakula.

Mama yako


18 Aprili

Mama,

Shikamoo. Tumeruhusiwa leo. Kijana ana kilo mbili na robo na kilio cha mtu mwenye madai. Pazia tumeliacha, bado halina namba, kina baba wanne wanalitumia.

Nilimwambia mkweo siku ileile niliyopata barua yako. Tangu hapo hakusema neno juu ya binti, mpaka leo dirishani kwa karani, tuliposukumiwa fomu ya kutokea. Idadi ya watoto: mmoja. Akaisoma, akairudisha.

"Nilizaa wawili."

"Mama, hii ni ya wanaotoka."

"Wote wawili wametoka. Andika."

Foleni ikaanza kunung'unika. Nilitaka kumwambia twende zetu, nawe unanijua. Nikajizuia, nikasimama kando yake. Karani akamwita mkubwa wake, mkubwa akamwita mkubwa mwingine, na mkweo hakubandua kiganja juu ya ile karatasi. Ilikaribia saa nzima. Mwisho karani akafuta, akaandika wawili, na pembeni tarehe ya binti. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, alikuwa anaitwa nani.

Hatukuwa tumempa jina. Mkweo hakunitazama hata mimi. Alitaja jina lako, Mama, herufi moja moja, mpaka karani akalipata sawasawa.

Mwanao