Wifi Yangu na Maneno Elfu Mbili kwa Siku

Mshauri wangu mpendwa, nishike mkono, mimi ni bibi harusi wa juzijuzi, mume wangu ni seremala, na akiingia na vumbi la mbao kwenye nyusi moyo wangu unaruka kama siku ya kwanza, sina malalamiko naye hata chembe, tatizo nimelileta mwenyewe. Mdogo wake wa kike, wifi yangu wa miaka kumi na tatu, anaandika riwaya ya msichana anayetafuta punda wake aliyeibwa, na niliposikia nikafurahi mno, nikamwambia, "Wifi, likizo hii unaimaliza! Maneno elfu mbili kila siku!" kwa sababu wakati wa uchumba niliandika barua ndefu kuliko hapo bila kuchoka, nikadhani kuandika ni kupenda tu. Mwanzoni alifikisha, nikamtangaza kwa mashemeji wote, lakini nilipoisoma nikakuta msichana amekutana na mchunga ng'ombe na wamesalimiana kurasa nne nzima, habari za asubuhi, za nyumbani, za baba, za shangazi, za kuku, na punda bado hajatafutwa! Nikamuuliza, akajibu, "Wifi, salamu ndizo zinazojaza haraka." Nikacheka hadi machozi, yeye hakucheka, akasukuma daftari chini ya kitanda, akasema basi, yeye si mwandishi. Mume wangu ananiambia, "Mpenzi, umemkatia mbao kwa kipimo chako." Nimpunguzie hadi ngapi, au nimwache? Nampenda mno mtoto huyu, ndiye aliyenizoea wa kwanza katika nyumba hii.

Mke wa Seremala

Mke wa Seremala, hongera kwa ndoa, na pole kwa kiherehere. Mumeo amesema kweli. Wewe ulikuwa na mchumba wa kumsifia, na mtu akisifu macho ya mpenzi wake maneno hayana breki. Mtoto ana punda wa kutafuta, na kila sentensi lazima aibuni mwenyewe. Halafu ukamcheka!

Anza kwa kumwomba radhi, kwa ufupi, bila kumlilia. Kisha aandike nusu saa kila siku kwa siku tatu bila lengo lolote, na maneno myahesabu pamoja. Msichukue siku aliyoandika sana. Chukueni ile aliyoandika kidogo kuliko zote. Hilo ndilo lengo lake. Likiwa maneno mia na hamsini, ni mia na hamsini, na usikunje uso. Salamu zisihesabiwe. Akizidisha leo, lengo la kesho halipandi. Riwaya isipoisha likizo hii itaisha nyingine. Wewe ndiye uliyetangaza, kawaambie mwenyewe hao mashemeji.

Na akifikisha lengo huku punda ameonekana kwa mbali na bado anataka kuendelea, mwambie afunge daftari. Atakununia. Mwache anune. Kesho utamkuta ameshakaa mezani kabla hujamwita.