Mama, Benchi Wameliondoa

Mama,

Benchi wameliondoa. Naanza na hilo maana ningeanza na salamu ungenikatiza, ungesema marahaba, haya sema kilichokuleta. Basi nasema. Lile benchi la mninga la barazani pale benki, wanapokaa wateja kusubiri zamu, lile ulilokuwa ukimtoa kikaoni mjumbe mwenzio wa bodi mwenye maslahi yake kwenye shauri, aende akalikalie nje na wananchi mpaka wenzake wamalize kuamua, halipo. Wamelibeba wakalitupa nyuma ya jengo, kwenye jenereta, na juu yake wamepanga madumu ya dizeli. Eti linaharibu mandhari. Mandhari! Watu wanasimama juani na vitambulisho vyao mkononi, vikongwe wanakaa chini sakafuni wamekunja miguu, sisi tunaambiwa habari za mandhari.

Nina hasira, mama. Usiniambie nitulie, umeshanituliza vya kutosha ulipokuwa hai.

Nianze siku ya kuanua matanga. Nyumba ya Ng'ambo ilijaa mpaka uani, ndugu wa kijijini Lusu wote walikuja, na Mjomba Shija akagawa vitu vyako kama ulivyoagiza. Kanga zako alipewa mama mdogo. Redio akaichukua Mjomba mwenyewe, na unajua alivyoitamani, hata hakujifanya kukataa. Mambo yakawa yanakwisha vizuri, wali unanukia, ndipo akasimama Mzee Maganga. Mwenyekiti wako wa bodi. Mtu mliyeanzisha naye benki, mkazunguka vijijini kwa baiskeli mkiwabembeleza watu wanunue hisa. Akatoa leso, akalia. Mama, alilia machozi kabisa, wala sisemi kwamba alikuwa anaigiza. Akasema bodi imekaa, imekubaliana, kiti cha marehemu hakitatoka kwenye nyumba hii, Nyamizi atakikalia ili tumuenzi mama yetu.

Vigelegele vikapigwa. Shangazi akanifunga kitenge chako mabegani. Mjomba akaninyanyua kwa kwapa kama mtoto anayefundishwa kutembea, na mimi nikasimama pale, pua imeziba kwa kulia, nikasema asanteni.

Asanteni ya nini? Kiti cha bodi kimekuwa kitenge? Wewe mwenyewe ulinieleza, ukichambua mchicha, kwamba wanaochagua wajumbe ni wanahisa kwenye mkutano wao mkuu, na hata wakikuchagua, jina lako linapelekwa kwa wanaosimamia mabenki wakuchunguze kwanza. Ulikaa nyumbani miezi ukisubiri jina lako lirudi. Hukutia mguu kikaoni hata siku moja kabla. Nikakucheka, nikasema kumbe benki wanaposa! Mzee Maganga anayajua yote hayo kuliko mimi. Hakusahau. Alikuwa anatafuta mkono wa kunyanyuka kikaoni kumpigia kura, akaona mkono wa mfiwa ndio hautamsumbua.

Na mkono wenyewe aliutakia nini, wewe unajua. Lile ghorofa lake la barabara ya stesheni. Limekwisha, limepakwa rangi, vioo vinamulika mpaka Isevya, na hakuna mpangaji anayeingia. Anataka benki ihamie humo, mkataba wa miaka kumi, kodi ilipwe mbele, na jengo letu la benki hapa Ng'ambo liuzwe. Jengo ambalo watu wa Lusu walichoma matofali yake wenyewe wakayaleta kwa lori, wakashuka wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope! Uliporudi nyumbani siku aliyolileta shauri hilo mara ya kwanza ulikuwa unacheka peke yako jikoni. Ukaniambia ulimwambia tu, mzee, benchi liko nje. Akatoka. Akakaa katikati ya mama mwenye kuku na kijana wa bodaboda, amenuna, kofia magotini, na ndani wenzake wakalikataa shauri. Akalileta tena mwaka uliofuata, ukamtoa tena. Kumbe mtu alikuwa anahesabu siku zako.

Sasa niseme na la kwangu, maana nisiposema leo nitalisema lini.

Na mimi niliwahi kukaa kwenye benchi hilo. Unakumbuka nilivyoomba mkopo wa mashine ya kubangua karanga. Nilivaa gauni la bluu na viatu vilivyokuwa vinanibana. Nikaona mlango unafunguliwa, unatoka wewe, na moyo wangu ukaruka, nikajua mama ameshamaliza kazi huko ndani, anakuja kuniambia twende tukanywe soda. Ukakaa pembeni yangu. Ukatoa karanga kwenye mkoba, ukaanza kuzibangua kwa vidole, moja moja, unanipa mkononi. Nikakuuliza wanasemaje, ukasema sijui, niko nje. Basi. Tukatafuna karanga mpaka meneja akatoka kusema dhamana yangu haitoshi.

Mtoto wa mjumbe mwenzio alipata mkopo, na dhamana yake ilikuwa ya kuungaunga kama yangu, Tabora nzima inajua. Baba yake alibaki ndani. Wewe ulitoka! Jioni unakoroga ugali, hata hukunitazama, ukasema ungebaki kunisemea, kesho ungemtoaje mwingine. Nikakujibu kwamba kwa watu wengine wewe ni mama na kwangu ni mjumbe wa bodi. Ukaendelea kukoroga. Mpaka unakufa hatukulizungumza tena, na mashine sina, nabangua kwa mikono ya kukodi. Roho inaniuma, mama. Nisikufiche kwa sababu tu umekufa.

Kwa hiyo walidhani wamempata mtu. Mtoto aliyenyimwa na mama yake, leo apewe kiti, apewe posho ya kikao na bahasha ya nauli, atakataa nini?

Kikao kilikuwa Jumanne. Makabrasha nilipewa asubuhi ileile mlangoni, mzigo mzima, wakati watu wanaingia. Wewe ulikuwa unataka wiki nzima ya kuyasoma, ukiyapata kwa kuchelewa unasema sijasoma, siwezi kunyanyua mkono, na unakaa mikono mapajani. Nikasoma nikiwa nimesimama. Tulikuwa wanne. Mwenyekiti, Mama Kulwa, yule mzee wenu anayesinzia mara tu maji ya chupa yakifunguliwa, na mimi. Wawili hawakuja, mmoja kalazwa, mwingine kasafiri. Ajenda ya tatu, kuhamia jengo jipya. Na chini yake, kwa herufi nzito, kuupa ukumbi wa mikutano wa ghorofa la kwanza jina la marehemu.

Jina lako, mama! Amelichukua jina lako akalibandika kwenye ukuta wake mwenyewe, ili nikikataa nyumba nionekane namkataa mama yangu. Aka! Kuna watu hawana haya jamani. Nilihisi masikio yanawaka moto. Meneja akasoma maelezo mbio mbio, Mzee Maganga akajiongezea kwamba marehemu angekuwepo angefurahi. Yeye ndiye mwenye nyumba, yeye ndiye mwenyekiti, yeye ndiye anasema sisi tuseme ndiyo, na wewe huko kaburini umeshakubali kwa kinywa chake.

Nikasema shikamoo tena, Mzee, mniwie radhi, jambo hili ni lako, nafikiri ungetupisha ukakae kwenye benchi kama ilivyo desturi. Akacheka, tena kwa upole, kicheko cha baba na mtoto. Akasema, mwanangu Nyamizi, benchi lenyewe liko wapi?

Na wao wakacheka. Meneja alicheka. Mama Kulwa alitazama meza.

Hapo ndipo nilipojua kwa nini waliliondoa. Nilikuwa nimemeza hilo la mandhari, kweli nililimeza! Mtu mzima analibeba benchi la watu, anawaacha wazee wakae sakafuni, ili yeye asipate pa kutolewa.

Nikasimama. Nikawaambia basi Mzee asipotoka nitatoka mimi, maana mimi si mjumbe. Sikuchaguliwa na mwanahisa yeyote, jina langu halijapelekwa popote, nilifungwa kitenge msibani na mnajua wote. Nikamwomba katibu aandike hivyo hivyo, kwamba Nyamizi hakuwa mjumbe tangu mwanzo wa kikao, ahesabu waliobaki. Katibu ni binti mdogo, unamkumbuka, yule uliyemfundisha kuandika muhtasari unaosomeka. Akahesabu kwa macho. Akasema kwa sauti ya chini kwamba akidi ni wanne, na wamebaki watatu, kikao hakipo. Yule mzee akazinduka akauliza tumefika wapi.

Nikatoka. Nilitaka kukaa, na pa kukaa hapana. Nikazunguka nyuma, nikashusha madumu ya dizeli moja moja chini, nikashika benchi. Zito! Mninga ule haucheki na mtu. Nikalivuta linalia sakafuni kama mbuzi, mpaka akaja bibi mmoja aliyekuwa anasubiri pensheni ya marehemu mumewe, akashika upande wa pili, akanisalimu mwangaluka, akasema hebu nyanyua vizuri usinivunje vidole. Kijana mmoja akashika katikati. Tukalirudisha barazani, mahali pake, unaona hata alama za miguu yake bado ziko kwenye saruji. Linanuka dizeli. Nikakaa upande ule niliokaa na wewe.

Baadaye mlango ukafunguliwa. Nikadhani ni mlinzi ametumwa kunifukuza. Alikuwa Mama Kulwa, amebeba mkoba wake, uso umemvimba kwa kilio alichokizuia. Akaniambia, sogea. Nikasogea. Akakaa, akafuta mikono kwenye kanga kwa sababu ya dizeli.

Mzee Maganga alitoka wa mwisho. Alisimama mbele yetu. Akasema, umemdhalilisha mama yako. Akaenda kwenye gari.

Maneno hayo nayarudia mpaka leo, ndiyo sababu nakuandikia. Nilikudhalilisha? Mjomba Shija anasema ndiyo. Amepiga simu toka Lusu, anafoka, anasema nimetupa urithi wa marehemu, posho inayolisha watu nimeitupa kwa kiburi, na watu wanauliza msibani tulishangilia nini. Nikamwambia wakuulize wewe uliyechukua redio. Akanikatia simu. Shangazi naye kadai kile kitenge chako arudishiwe, na nimempelekea.

Mimi naamini hukudhalilika. Ila nimekasirika na wewe pia, usidhani nimemaliza. Umekaa na mtu huyu miaka yote, ukimtoa nje kila akija na lake, na mnaimba naye kwaya Jumapili, unarudi unacheka. Hukutuambia wanahisa. Hukuiandika desturi ya benchi popote pale kwenye kanuni za bodi, nimemwuliza katibu, haimo! Zinasema tu mjumbe atatangaza maslahi yake, nukta. Kutoka nje lilikuwa neno lako na macho yako. Ulifikiri utaishi milele? Umekufa, na kilichobaki ni benchi ambalo watu watatu wanaweza kulibeba.

Basi sikiliza ninachokuahidi. Mkutano mkuu ni baada ya masoko ya tumbaku, watu wakiwa wamepumua. Nitagombea. Nitasimama mbele ya wanahisa na kuwaambia yote haya, na ghorofa la barabara ya stesheni nitalitaja kwa jina la mwenyewe, akiwa amekaa palepale. Wakininyima kura, nitakaa na wenzangu kwenye viti vya plastiki, na nitauliza maswali kutoka huko mpaka wanichoke. Wakinichagua, nitasubiri jina lirudi, kisha la kwanza ni kuiandika ile desturi kwenye kanuni, mwenye jambo atoke nje, hata awe mwenyekiti, hata awe nani. Mkopo wa mashine sitauomba tena hapo. Nitautafuta kwingine au nitaendelea na vidole.

Na jina lako. Shauri la ghorofa lile likija kupita siku moja kwa mlango mwingine, wakaliandika jina lako juu ya ukumbi ule, nitanunua rangi, nitapanda ngazi, na nitalifuta kwa mkono wangu mchana watu wakiona. Wakisema nakudhalilisha, waseme.

Benchi nimeliosha kwa sabuni na maji ya moto, na harufu haijaisha. Jana nilikaa hapo kusubiri zamu yangu ya kutoa hela kidogo ya magunia. Nilikuwa na karanga kwenye mkoba. Nikajikuta nabangua, nakusogezea upande wako, mpaka bibi mmoja akakaa palepale akazila akijua ni zake.

Pumzika, mama. Sijakusamehe ile siku. Lakini sasa, nami nilivyotoka nikakaa hapo nje, najua kwamba ulikuwa unataka kurudi ndani kunisemea.

Mwanao,
Nyamizi