Matofali Matatu ya Cherehani

Kibondo,
12 Septemba 1999

Kaka yangu Tharsisi,

Tumsifu Yesu Kristu. Barua hii ikukute mzima wa mwili, na mihogo yako huko Nyakitonto iwe imepona ule ugonjwa wa batobato uliolalamikia mwaka jana. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini sauti yake haijapungua hata kidogo. Mimi niko kidato cha pili, na najua utacheka kuona naandika Kiswahili kirefu hivi. Kirundi nakisema nyumbani, ila kalamu imeshazoea Kiswahili.

Gharibu muuza chumvi alifika mwezi uliopita na salamu zako. Alisema unamwoa Nadine mwezi wa kumi na mbili, na kwamba umemtuma aulize jambo moja tu: Mama atakuja kukaa mahali pake siku ya harusi, au hatakuja? Mama alikuwa anachambua maharage. Alisikia vizuri, akaendelea kuchambua. Gharibu alimaliza chai yake akaaga, nami nikaona haya kwa niaba ya nyumba nzima.

Chanzo unakijua kuliko mimi. Tangu tulipokimbia vita tukavuka mpaka mwaka wa tisini na tatu, Mama hajaacha kusema kwamba uliitupa porini cherehani ya marehemu Baba, cherehani ambayo ingetulisha. Nawe ulichoka kusikia, ukahamia Nyakitonto. Mimi nilikuwa na miaka tisa na homa kali. Ninachokumbuka ni kufungwa kwa kitenge kwenye keria ya baiskeli, wewe ukisukuma, na mlio wa chuma kikianguka kwenye mawe.

Sasa nikupe habari za shule, maana ndizo zilizoleta mengine yote. Mwalimu wetu wa fizikia, Mwalimu Saady wa Kasulu mjini, ni mtu wa mzaha, na maabara yake ina kabati tupu na mjusi mmoja. Muhula huu alitaka tuchunguze uhusiano wa nguvu, mzigo na kuongezeka kwa mwendo. Mzigo wenyewe wasomi wanauita tungamo, lakini hilo niachie mimi. Tulitengeneza kigari cha mbao chenye magurudumu ya beringi. Nyuma yake tukafunga kopo la maji lenye tundu dogo, lidondoshe tone moja moja kwa kipimo kilekile cha muda. Mbele tukafunga utepe wa tyubu ya baiskeli. Mvutaji anakimbia huku utepe umevutika urefu wa rula moja, usizidi wala usipungue, ndipo nguvu inabaki ileile mwanzo hadi mwisho. Mvutaji ni mimi. Mwenzangu wa darasani, Asia, alijaribu kabla yangu akaangukia pua.

Kigari kikipita, matone yanabaki sakafuni. Ya kwanza yanakaribiana, halafu yanaachana zaidi na zaidi, na hapo unaona kwa macho jinsi kinavyochanganya mwendo. Tukivuta kwa tepe mbili pamoja, kinachanganya maradufu. Tukirudi kwenye utepe mmoja na kupakia matofali mpaka mzigo mzima uwe maradufu, kinachanganya nusu tu. Tulirudia mara nyingi hata Mwalimu akakubali kwamba si bahati.

Jumamosi iliyopita wazazi walialikwa waje kutazama. Mama alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani, akakaa mbele, mikono kifuani. Tulipomaliza, Mwalimu aliuliza kama kuna mwenye swali, akitegemea labda swali la karo. Mama akauliza kichwa cha cherehani, bila meza yake, ni sawa na matofali mangapi. Mwalimu, asiyejua ya kwetu, akasema matatu hivi. Na mtoto wa miaka tisa? Matano, akasema Mwalimu, kama anakula vizuri. Watu wakacheka, Mama hakucheka. Aliinuka akayapakia mwenyewe, matano nyuma, matatu mbele, akaniambia nivute.

Kigari kilijikokota. Kisha akayashusha yale matatu, moja moja, akayaweka chini taratibu. Akaniambia nivute tena kwa nguvu ileile, nisimwibie. Mara hii kilichanganya vizuri, na Mama akainama kupima nafasi za matone kwa vidole vyake. Halafu akauliza ingekuwaje kama angeyashusha yale matano, akayaacha matatu. Mwalimu akamjibu kwamba kingechanganya zaidi ya hapo, akaniita nivute waone. Mama akasema hapana, hiyo isijaribiwe. Akaondoka bila kunywa soda.

Jioni, tukiwa jikoni, aliniambia asichowahi kumwambia mtu. Alisema mlipofika pale kwenye mlima baiskeli ilikuwa imesimama, risasi zinalia nyuma, nawe ukasema mikono yako haiwezi vyote viwili. Yeye akakuambia umshushe mtoto atembee, cherehani ibaki kwenye baiskeli. Wewe ulikata kamba ya cherehani, ukaanza kukimbia na mimi. Mama alisema miaka yote hii hakuwa akiililia cherehani. Kila akikuona alikuwa anaisikia sauti yake mwenyewe, na kukugombeza kulimsaidia asiisikie.

Kaka, nililia sana. Mama sikumkasirikia; alikuwa na hofu, na alidhani naweza kusimama. Niliyemlilia ni wewe. Uliitwa mpoteza mali ya Baba mbele za watu, ukanyamaza ili mimi nisijue kwamba niliwahi kuwekwa kwenye mizani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huu wako mimi hata sikujua kama upo, na mzigo wenyewe nilikuwa mimi. Nakushukuru kwa mikono ile. Nakushukuru zaidi kwa kunyamaza, ingawa sasa imetosha. Asante sana, urakoze cane.

Mama atakuja harusini. Amesema niandike hivyo kwa herufi za kusomeka. Msalimie sana wifi Nadine, umwambie asugue masufuria, maana mkaguzi anakuja. Mjomba Bazilio naye tunamsalimu.

Tutakapofika, utupokee barabarani na baiskeli, kwa kuwa Gharibu ametuambia njia ya kwako ni ya kupanda. Mama anasema yeye atatembea, na mimi nikae kwenye keria. Nimemwambia nina miaka kumi na mitano na miguu yangu ni mizima. Hataki kusikia.

Ni mimi mdogo wako,
Daforoza