Siku Bosi Alipofiksiwa

Mpendwa Mama Bosi,

Kama Johannesburg nzima kuna mwanaume mwenye bahati, kuanzia maghorofa ya Hillbrow mpaka huku kwetu Kensington, basi ndiye huyu anayekuandikia. Mbwa wako amekusahau. Amekusahau kabisa, kama vile hukuwahi kumtilia chakula kwenye bakuli. Analala juu ya miguu yangu, mzito kama gunia la mchele, asubuhi naamka miguu imekufa ganzi na moyo umejaa. Nikitoka Fordsburg kwenye meza yangu ya kuuzia miwani, ananirukia pale getini mpaka majirani wanachungulia kuona ni mfalme gani amefika. Nikitaja jina lako, hata lile sikio lake moja linalosimama, halisimami.

Kwa hiyo ujumbe wako nimeupata. Gogo, mwenye nyumba wetu, alinikuta uani naanika suruali akasema, "Wena Tanzania, mkeo wa zamani anakuja Jumamosi kumchukua mbwa." Nikamjibu, "Sharp, Gogo, nimesikia." Lakini moyoni nikauliza, anakuja kumchukua mbwa gani? Aliyekuwa wake ameshabadilisha uraia.

Na kwa kuwa namba yangu umeifungia kwenye simu yako, naandika barua ya wazi. Waisome wanawake wa saluni, waisome na watu wa kanisani kwetu. Uliondoka wakitazama, basi na mimi niseme wakisikia.

Unakumbuka jioni uliyomleta? Ulitoka saluni umembeba kwenye aproni yako ya kazi, umemfunika kama mtoto aliyetoka kubatizwa. Teksi ilikuwa imemgonga, mguu wa nyuma anauburuta, na ananuka dawa ya nywele kwa sababu ulikuwa umeshamwosha kwenye sinki la wateja. Nikasema, huyu halali humu. Ukaniangalia. "Huyu analala. Kama kuna mwenye hatalala, mlango uko pale." Ukampa jina Bosi. Ulisema chumba chetu kina mwanaume anajiita bosi kila siku, sasa ni vizuri kimpate bosi mwenyewe.

Pale saluni wenzako wote walikuwa na majina ya watoto wao. Mama Glory, Mama Junior, Mama Esther. Wewe walikuita kwa jina lako tu, na kila wakifika kwako sauti iliruka kidogo, kama gari linavyoruka shimo barabarani. Siku walipokutania "Mama Bosi" nilidhani utawatupia kitana. Ulicheka ukaitika. Na mimi kwa kukufuata nikawa Baba Bosi, jina ambalo nililikataa kwa mdomo na kulipenda kimyakimya.

Ila mbwa mwenyewe nilimwonea wivu, sikufichi, na ulijua. Kwetu Tanga kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba mwenye nyumba, hata kama nyumba yenyewe ni chumba cha uani cha kupanga. Wewe uliikata firigisi vipande vidogo, ukaipuliza ipoe, ukampelekea Bosi kwa kiganja. Mimi ukanipa shingo. Nikakuuliza, je, huyu ndiye anayelipia umeme? Ukacheka mpaka ukashika ukuta, ukasema kile Kiswahili chenu cha Bukavu, "Yesu wangu! Papa, weye iko na wivu ya mbwa?" Nikasema mimi nimefika Lusaka, Harare, Beira, Lubumbashi, nimepanda malori ya nchi sita, siwezi kuona wivu kwa mnyama asiye na pasipoti. Ukasema, "Papa, wacha fiksi."

Neno hilo ulilipata kwangu. Kwetu fiksi ni uongo wa kujisifu, na ulilipenda neno lile kuliko maneno yote niliyokufundisha, sababu ulikuwa na kazi nalo kila siku.

Halafu ikaja ile sheria. Ni ule mwaka wa mgao wa maji, Gogo alipotukataza kumwogesha Bosi kwa mpira. Siku hiyo alikuja mlangoni mwetu na uso wa mahakama. Alisema watu wa manispaa wamepita mtaani. Uwanja kama wake mwisho mbwa wawili, naye wawili wake wazee tayari anao. Huyu wetu ni wa tatu, na kama mnataka abaki, sheria ya jiji inasema lazima afiksiwe. La sivyo atoke.

Nikaenda kuuliza kwa kinyozi. Mteja mmoja akasema sheria hiyo ni ya paka tu. Mwingine akasema ni ya majike tu. Wa tatu akasema ni ya wageni tu, kama sheria nyingine. Kila mtu alikuwa na sheria yake mfukoni.

Sasa mimi, msomi wa malori, neno fiksi nililijua kwa maana mbili. Moja ni ile yako ya kunisuta. Ya pili niliipata gereji ya Lusaka: gari likifa, fundi analifiksi, linatembea. Nikakwambia kwa kujiamini, "Hawa watu wa jiji wana roho nzuri. Wanataka Bosi atengenezwe mguu." Ukaniuliza kama nina hakika. Kiingereza chako wakati ule kilikuwa cha kuulizia bei ya meshi za kusukia, basi. Nikasema, unamuuliza nani? Mimi Kiingereza nimekikuta njiani kinanisubiri.

Na nikwambie kitu ambacho hukukijua. Gogo aliposema "la sivyo atoke," kuna sauti ndani yangu ilisema, haya, firigisi yangu inarudi. Ilikuwa rahisi tu, ningesema Gogo amekataa, sheria imekataa, tufanye nini. Lakini nilikuangalia. Ulikuwa umeinama unamshika sikio, midomo inacheza kama ya mtu anayeomba. Nikasema atafiksiwa, Gogo. Kesho asubuhi.

Tulikwenda kwa miguu mpaka kliniki ya wanyama, Bosi katikati yetu anachechemea kama mzee wa kanisa. Daktari, binti mdogo mwenye miwani bora kuliko yangu, akauliza kama huyu amekuja kufiksiwa. Nikajibu kwa sauti ili hata waliokaa kwenye mabenchi wajue nchi ina wanaume. "Yes, doctor! Mfiksi vizuri. Usibakishe kitu."

Hakubakisha.

Tulipokwenda kumchukua alitoka na ile kola ya plastiki shingoni, kama amevaa kivuli cha taa ya mezani, na bado anachechemea. Nikaanza kufoka. Mguu ni ule ule! Binti akatuangalia kwa upole, akaonyesha kwa kidole mahali ambapo kazi imefanyika, kati ya miguu ya nyuma. Kumbe kwao kumfiksi mbwa ni kumhasi. Nilitazama. Ulitazama. Mama mmoja mwenye paka kwenye kikapu akageuza uso akajifanya anapiga chafya.

Daktari akasema tusiwe na hofu, mbwa aliyefiksiwa ana raha zake, hapigani, hazururi, anatulia getini. Nilimtafsiria Bosi. Ulikuwa hunisikilizi. Ulipiga magoti pale sakafuni, ukamshika kola yake kwa mikono miwili, ukasema polepole sana, "Ata huyu? Ata yeye hatazala?"

Nilisikia. Nilijua hukuwa unamsemea mbwa peke yake. Na mimi, mdomo huu, nikasema, "Basi, Mama Bosi, tumekosa wajukuu." Watu wakacheka. Ulicheka na wewe, kidogo, ukainuka, ukafuta magoti.

Wiki ile ulilala chini, kwenye godoro la sponji, ili Bosi asijikune. Ulimlisha kwa kijiko. Mimi mwaka uliotangulia nilipata homa mpaka nikaongea Kizulu nisichokijua, ukanipa panadoli mbili ukaenda kusuka bibi harusi. Nililala kitandani peke yangu nikisikia unamwimbia pambio za kwenu, na wivu ulinikaa kifuani kama ugali wa moto uliomezwa haraka. Laiti wangenikata na mimi kitu, hata kidole, ungeshuka kulala kwenye sponji kwa ajili yangu?

Stori ile niliifanya mali yangu. Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa na vikombe vya chai, Wakongo, Warundi, Watanzania wenzangu na wale Wakenya wa maofisi, nilisimama nikaisimulia. Nikaigiza Gogo, nikaigiza daktari, nikaigiza Bosi na kola. Watu walilia kwa kucheka. Mtu mmoja tu hakucheka. Yule Mkenya wa benki, mwenye shati jeupe lisilojua jasho. Alisubiri kelele zishuke, akauliza, "Na mbwa alipona?" Nikasema amepona, kaka, amepona na mizigo imepungua. Watu wakaangua tena. Yeye akakugeukia wewe. "Na wewe, dada, siku hiyo ulijisikiaje?"

Ulishika kikombe bila kunywa. Ukamwangalia. Mimi nilikuona jinsi ulivyomwangalia, Mama Bosi. Miaka yote ile nimekusimulia Beira na Lubumbashi hukuwahi kuniangalia vile.

Nimelala na swali lile mara nyingi. Si swali gumu. Halihitaji shule. Lilikuwa limekaa mezani tangu kliniki, ningeweza kuliokota mimi. Akaja mtu na tai yake akaliokota kama anachukua sukari.

Basi ukaenda naye. Ulisema nyumba yake hairuhusu wanyama, ukaniachia Bosi, ukaniambia mpe maji kabla hujamwambia stori. Na sasa nasikia mmehamia penye bustani. Nasikia gari jeupe lina kiti cha mtoto nyuma. Gogo ndiye aliyeniambia, "Eish, Tanzania, mtoto amefanana na mama yake mpaka raha." Nasikia saluni nzima sasa wanakuita Mama Imani, na sauti haziruki tena shimo.

Nakuonea wivu, na yeye namwonea zaidi. Namwonea wivu shati, gari, bustani, Kiingereza kisichokwama. Neno lile yeye angelielewa pale pale mlangoni kwa Gogo, angekufafanulia kwa sauti ya redio, ungelia begani kwake kabla hata kisu hakijanolewa. Wakati mwingine jioni nauliza, hii sheria ya jiji ina ukomo gani? Mbwa mwenye kuingia uwanja wa mwenzake akachukua, hakuna mtu wa manispaa wa kupita na gari? Ni utani. Mlete kanisani nimsalimie. Mtoto nimemnunulia miwani midogo ya jua, ya pinki, ipo mezani kwangu Fordsburg, wateja wanaitaka na siiuzi.

Lakini Bosi? Una Imani, una bustani, una mwanaume anayeuliza maswali. Na Bosi pia unamtaka? Hicho ndicho kilichonifanya nianze barua hii kwa kifua. Jina la Mama umeshapata jingine. Mimi la Baba ninalo moja tu, na lina miguu minne, mmoja mbovu.

Nilitaka niishie hapo nikwambie usije. Nimekaa na kalamu, na Bosi yuko pale ninapomwona kupitia mlangoni, na mkono umekataa.

Daktari alisema akishafiksiwa hatazurura. Juzi alipenya chini ya geti. Nilimtafuta mitaa yote, nikamkuta amelala mlangoni kwa saluni yako ya zamani, wanawake wanamruka na ndoo zao mikononi. Alichokikata yule binti sicho kinachomtoa nje huyu mbwa. Kila jioni saa za saluni kufungwa anakwenda getini, anakaa na ule mguu wake umenyooka pembeni, anatazama upande uliokuwa unatokea. Hanirukii. Nikipita na mkoba wangu wa miwani ananikagua kidogo, anaona si wewe, anarudi kutazama barabara. Hata miguu yangu haitaki, analala mlangoni.

Kuku nikinunua namkatia firigisi vipande vidogo, napuliza ipoe, nampelekea kwa kiganja. Ananusa, ananiangalia, anageuza uso. Kwa hiyo firigisi siku hizi naila mimi. Niliigombania miaka yote ile, Mama Bosi, na haina ladha yoyote.

Njoo Jumamosi. Kola yake ya siku ile nimeihifadhi, kama Imani atataka kuchezea. Kamba itakuwa getini, bakuli litakuwa limeoshwa, mguu anapenda ukandwe upande wa ndani wakati wa baridi. Mimi nitakuwepo, na nitajaribu kufunga mdomo. Nikishindwa, uniambie lile neno lako mbele ya bwana wako, nilisikie tena.

Maana ile niliyoanza nayo, kwamba Bosi amekusahau, ni fiksi. Hajakusahau hata siku moja.

Ni mimi,
Baba Bosi, mpaka Jumamosi.