Jina Langu Kwenye Reli

Mjukuu wangu Zuhura,

Sote huku Changamwe twakusalimu, na mguu wa mamako umepona. Waniuliza mbona kila siku nashinda nikitazama vijana wakitengeneza reli ile iliyoachwa, ili ipite tena treni ya abiria. Wallahi, wanapendeza!

Babu yako marehemu alifanya kazi hapo hapo. Chuma kilinyanyuliwa kwa wimbo: yeye aliita, genge zima likaitikia na kuinua pamoja. Siku moja akaita jina langu, "Mwanasiti!" Wenzake wakajibu, "Juu!" Nikaona haya, nikamnunia wiki nzima. Lakini wimbo ulibaki, wafanyakazi wakirithishana.

Jana vijana hawa, wasionijua, waliinamia chuma. Mmoja akaita, "Mwanasiti!"

Nami, kabla wenzake hawajajibu, nikaitika, "Abee!"

Nyanyako