Kura za Kuhama Kashka-Bulak

Kashka-Bulak,
Mwishoni mwa Septemba

Kaka yangu Emilbek,

Pokea salamu zangu zikiwa za moto kama mkate unaotoka tanuri. Je, kifua kimepoa? Nasikia baridi ya Moscow haina huruma na watu wa ujenzi. Vaa fulana ya sufu aliyokufumia shangazi, hata wenzako wakikucheka. Sisi huku tu wazima. Baba anakula, analala, analalamika, kwa hiyo ana afya.

Habari ya mlima najua umeipata. Ufa ulio juu ya nyumba ya Asanbay umepanuka, na wataalamu wamesema tuhame kabla theluji nyingine haijayeyuka. Saruji na mabati tutapewa, kwa sharti kwamba twende wote mahali pamoja. Mahali ni patatu: kando ya barabara kuu, kilimani karibu na makaburi, au lile shamba la tufaha la ushirika wa zamani. Unalikumbuka? Ulikuwa ukinibeba mabegani nichume, mlinzi akitokea unanibwaga na kutimua mbio, kisha unarudi kuniokoa huku umejaa aibu. Mpaka leo nikinusa tufaha bichi, nakusikia ukikimbia juu ya majani makavu.

Mwenyekiti wetu Toktosun aliniomba nisimamie kura, kwa kuwa nafundisha hesabu. Nikaiambia kila kaya iandike mahali pote patatu kwa mpangilio, panapopendwa zaidi kwanza, panapochukiwa mwisho. Karatasi hazikuwa na majina. Tukazihesabu darasani, jiko likiwaka, nami nikizisoma moja moja kwa sauti.

Kati ya kaya sitini, ishirini na tano ziliweka barabara kwanza, ishirini na mbili kilima, na kumi na tatu shamba. Toktosun akapiga paja. “Barabara! Kazi kwisha, jamani, twendeni tukanywe chai.”

Baba akasimama, kofia mkononi. Unajua yeye ndiye aliyekuwa mbele ya watu wa kilima, na kila mtu alijua sababu: Mama amelala kule. Akasema, “Kwisha kwa nani? Thelathini na watano wote waliobaki wameiweka barabara mwisho kabisa. Wengi wamekukataa, halafu unajiita mshindi?” Akataka mahali penye kura chache zaidi paondolewe, na wale wa shamba wahesabiwe kwa chaguo lao la pili. Wote kumi na watatu walikuwa wameandika kilima. Kilima kikapata thelathini na tano, barabara ikabaki na zake ishirini na tano. Watu wa kilima wakapiga kelele hadi kuku wakakimbia uani.

Hapo nami mdomo ukaniwasha. Niliona jambo kwenye zile karatasi, nikashindwa kunyamaza. Nikawaambia wapambanishe mahali pawili pawili. Shamba na kilima: wale wa barabara wote wangechukua shamba kuliko kilima, wakijumlishwa na watu wa shamba wenyewe ni thelathini na wanane. Shamba na barabara: thelathini na tano kwa shamba. Kwa hiyo palepale tulipopatupa kwanza ndipo palipoweza kumshinda kila mpinzani wake.

Kaka, darasa lililipuka. “Karatasi zile zile, washindi watatu!” akafoka Toktosun. “Mwalimu, unahesabu au unafanya mazingaombwe?”

Niliogopa. Niliona kwamba anayechagua namna ya kuhesabu ndiye anayechagua mshindi, na siku ile mtu huyo nilikuwa mimi, ninayelipenda lile shamba kuliko wote. Nikazitia karatasi zote kwenye moto wa jiko. Nikasema tukubaliane kwanza tutahesabuje, ndipo tupige kura upya. Sikuwaficha kwamba hakuna njia isiyo na kasoro. Hata hii ya kupambanisha inaweza kugoma: kilima kiishinde barabara, barabara ilishinde shamba, shamba nalo likishinde kilima, tubaki tunazunguka kama ng'ombe wa kupura ngano. Wakaniuliza ikiwa hivyo tutafanyaje. Sikuwa na jibu zuri, ila kura ya bahati nasibu.

Walibishana mpaka maziwa yakaganda vyunguni, wakaafikiana kupambanisha. Asanbay, mtu wa barabara, akaanza kujigamba pale bombani kwamba safari hii ataliweka shamba mwisho ili alizamishe, ingawa halichukii. Mkewe Burul akacheka hadi akaweka ndoo chini. “Haya, na wenzako wote wafanye hivyo. Shamba likizama, kitakachoelea ni kilima. Utapanda huko na mizinga yako ya nyuki mgongoni, mimi nikikupungia mkono.”

Shamba lilishinda mapambano yote mawili. Hakuna aliyecheza ngoma, wala hakuna aliyesusa. Toktosun alinung'unika kwamba duka lake litakosa wateja wa njiani, kisha akawa wa kwanza kwenda kupima kiwanja.

Sasa nikwambie jambo ambalo Baba amenikataza nisikwambie.

Juzi tulikuwa tunang'oa mbao za baraza, ile Mama aliyokuwa akianikia aprikoti. Akasema bila kunitazama, “Zuura, mimi niliandika barabara.” Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia: mara zote mbili, barabara kwanza.

Nikamuuliza, mbona alikipigania kilima mpaka sauti ikamkauka? Akanijibu, “Ningesemaje mbele za watu kwamba namwacha mke wangu peke yake?” Akang'oa msumari, akaunyoosha kwa nyundo taratibu. “Mama yenu nitamfikia tu, hata kwa kutambaa. Lakini kijana wangu je? Basi linaishia barabarani. Akifika na mizigo yake, nani atampandisha mlima?” Kisha akapenga kamasi, akanigombeza kwamba sishiki ngazi vizuri.

Viwanja vya shambani vilipogawiwa, kila mtu aligombea vya juu penye mfereji. Baba amechukua cha chini kabisa, chenye mawe, watu wakamwona amezeeka vibaya. Nilikwenda kusimama hapo jana. Ukikaa mahali atakapoweka mlango, unaona basi linaposimama, na unaweza kumtambua anayeshuka kwa mwendo wake.

Njoo, Kaka, japo kwa wiki moja. Usimwambie nimekuandikia.

Burul anakusalimu na amekuwekea asali. Shangazi anakubusu kwenye paji la uso. Nami nakuombea safari zako zote ziwe na mwisho mwema.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Zuurakan