Bastola Yako Iligoma Bungu

Baba,

Hapa Mtunda tuko salama, ila nyumba imekuwa kimya kupita kiasi. Kiti chako cha barazani hakuna anayekikalia. Hata mimi nakipita kwa kukizunguka.

Leo nimeanzisha mbio za shule za wilaya kwa bastola yako, mara ya kwanza bila wewe pembeni. Wa kumweleza haya ni wewe tu.

Unakijua kipupwe cha Bungu. Walimu walikuja na makoti, watoto wanajikunyata kwenye mstari. Ilikuwa fainali ya wasichana, mita mia, na kati yao alikuwemo Zuhura wa Kiongoroni. Ndiye yule uliyemwona mwaka jana ukasema, "Huyu akipata kiwanja kikavu atatuonyesha." Wawili wa kwanza wanakwenda mkoani, kama muda wao unatosha. Kutoka deltani kwao hajawahi kwenda msichana hata mmoja.

Nikainua mkono. Nikavuta. Tk.

Hakuna mlio, Baba, chuma tu. Zuhura akachomoka kwa ile tk, wenzake wakabaki. Mwalimu Sefu, mwamuzi wa mstari, akainua bendera: ametangulia, atoke. Mtoto akasimama katikati ya njia, mikono kichwani. Hakulia, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikamwambia Sefu kama bastola haikulia, mbio hazikuanza. Tukabishana. Mwisho akasema, "Namrudisha kwa onyo. Akiruka tena kabla ya mlio, nje, bastola mbovu au nzima. Na wewe chukua filimbi, mwalimu. Hiyo aliiweza baba yako." Kasema kwa sauti, mbele ya watu. Nilitamani kumpiga nayo.

Lakini filimbi haina moshi, na wapima muda kule mwisho hutazama moshi ndipo wabonyeze saa zao. Bila muda, mkoani haendi mtu. Ilibidi bastola ilie, na ilie mara ya kwanza, Zuhura asije akachomoka tena kwa tk.

Nikajitenga pembeni. Kwanza nilishuku unyevu, nikaweka fataki nyingine kutoka kwenye kopo lako. Tk. Nikaziweka zote mbili kiganjani nikazitazama mgongoni. Alama ya pigo ilikuwepo, lakini hafifu, kama ukucha uliogusa donge la unga. Nikakusikia kabisa: "Fataki haibembelezwi, inagongwa. Ukiona alama nyepesi, usilaumu fataki. Tazama kinachoigonga."

Nikahakikisha hakuna fataki ndani, nikafungua nyuma. Kile kijisumari kinachosukumwa na nyundo kilikuwa kinakwenda kwa uvivu, kimezungukwa na kitu cheupe kilichoganda. Nikanusa. Nazi.

Nikajua ni Mama. Bado yuko eda, hatoki, na siku nzima anashughulika na vitu vyako: makubazi, mkanda wa redio, vyote anavipaka mafuta ya nazi. Mchana wa joto yanakuwa maji na bastola ingelia vizuri. Kwa baridi ile yalikuwa yameganda kama mshumaa. Hivi kwa nini hukumwambia kwamba kule ndani hakupakwi kitu? Miaka yote umeisafisha mbele yangu kwa kitambaa kikavu, kumbe mwenzio hajui.

Nikamwita kijana wa bodaboda, akanichotea petroli kwenye kifuniko. Nikafunga uzi kwenye njiti ya kiberiti, nikasugua, nikapuliza, nikasugua tena. Watu wanapiga miluzi, Sefu anatazama saa. Nilipokivuta kijisumari na kukiachia, kikarudi kwa nguvu. Nikapangusa mpaka pakakauka, nikasubiri harufu ipotee, nikaikandamiza fataki mpya kwa kidole gumba mpaka ikakaa chini kabisa, kama ulivyonifundisha.

Zuhura alikuwa ananitazama mimi, si njia. Nikainua mkono. Nikavuta.

Ililia, Baba. Moshi ukapanda. Yeye alichelewa kuondoka kwa sababu ya woga, akawa wa mwisho, kisha akaanza kuwapita mmoja mmoja. Akamaliza wa pili, na muda ukatosha. Sefu akakunja bendera yake akaenda kunywa chai. Mimi nikakaa chini palepale kwenye vumbi nikalia, nikijifanya moshi umeniingia machoni.

Nilipofika nyumbani Mama aliniuliza kutoka ndani, hata sijavua viatu, "Ililia?"

"Ililia, Mama."

"Nilijua," akasema. "Niliipaka mwenyewe, isije ikamwaibisha baba yako."

Kisha akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu tukuzike.

Kwa hiyo nakuahidi hivi: sitamwambia. Aipake apendavyo, na mimi kila alfajiri ya mashindano nitatangulia uwanjani na petroli yangu na njiti, niyatoe mafuta yake kabla jua halijatoka. Lala salama, Baba. Mola akupe nafasi pana huko uliko.

Mwanao,
Siwema